Taa za Ishara za Pikipiki: Kwa Nini Diodi za Nuru Huivuruga Flasha

Pikipiki ikipelekwa kwa fundi ili ipunguzwe uzito, ibadilishwe tangi na kiti, na ivishwe taa ndogo za kisasa zing'aazo kama vito, aghalabu hurudi na kasoro moja ambayo mwenyewe huigundua siku ile ile. Anaposukuma swichi ili kuashiria kwamba anakata kulia, taa hazimweki kwa mwendo wake wa zamani. Huenda zikapepesa kwa haraka mithili ya jicho lililoingiwa na mchanga. Huenda zikawaka moja kwa moja bila kuzimika. Au, na hili ndilo baya zaidi, huenda zote nne zikamweka pamoja, za kulia na za kushoto. Fundi hulaumiwa kwamba amekosea kuunga waya, ilhali mara nyingi hakukosea hata mmoja.

Jambo lenyewe si la urembo. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako vyombo vya moto hupita upande wa kushoto wa barabara, mwendesha pikipiki akataye kulia hana budi kuivuka njia ya magari yanayomkabili. Kabla ya kuvuka husogea katikati ya barabara na kupunguza mwendo, na wakati huo dereva wa lori aliye nyuma yake hana habari nyingine ya nia yake ila taa ya nyuma yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa. Taa zote nne zikimweka, dereva yule husoma kwamba pikipiki imepatwa na hitilafu na inataka kusimama, naye huamua kuipita. Upande atakaoupitia ni wa kulia, yaani pale pale inapoelekea pikipiki.

Asili ya matatizo haya ni sheria chache za umeme ambazo kila mwanafunzi wa sekondari huzisoma darasani, na yafaa zichunguzwe kwa mfano halisi. Katika pikipiki ya kawaida ya sentimita za ujazo 125 au 150, ya aina iliyoenea katika biashara ya bodaboda, kila taa ya ishara huwa na globu ya volti 12 na wati 10. Anayekata kulia huwasha globu mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizoungwa sambamba. Jumla yake ni wati 20, na wati 20 zikigawanywa kwa volti 12 hutoa mkondo wa ampea 1.67. Mkondo huo wote, kabla haujafika kwenye globu, hupita katika kifaa kidogo kikaacho chini ya kiti au nyuma ya taa kubwa, nacho ndicho flasha.

Flasha za zamani zilifanya kazi kwa joto. Ndani yake mliwekwa utepe uliofanywa kwa metali mbili zilizobanwa pamoja, ambazo hazitanuki kwa kadiri moja zipatapo moto. Mkondo ulipopita, utepe ulipata joto, ukapinda, ukaachana na ncha ya pili, na taa zikazimika. Ulipopoa ulinyooka, ukagusa tena, na taa zikawaka. Ni ufundi mwepesi na wa kuaminika, wala haukuhitaji waya wa tatu. Ncha mbili zilitosha, moja ya kuingizia umeme na nyingine ya kuutoa. Lakini hapo hapo pana mtego. Utepe haujui wakati. Unajua joto tu, na joto hilo hutokana na mkondo ambao globu zinaudai. Kwa hiyo globu zenyewe ni sehemu ya saa.

Flasha za umeme zilizokuja baadaye huhesabu muda kwa rezista na kapasita, na hazihitaji joto. Hata hivyo wabunifu wake waliziongezea akili moja yenye manufaa. Mkondo wa taa hupitishwa katika ukinzani mdogo sana ulio ndani ya flasha, na sakiti hupima volteji inayopotea hapo. Globu moja ikiungua, mkondo hupungua hadi nusu, volteji ile nayo hupungua hadi nusu, na flasha huamua kuongeza mwendo wa kumweka mara mbili. Mwendeshaji aonapo taa yake inakimbia, hufahamu kwamba globu moja imekufa. Ni lugha iliyobuniwa kwa makusudi, na yasikitisha kwamba wengi wenye vyombo hawajapata kuelezwa maana yake.

Sasa globu zinaondolewa na mahali pake pakawekwa diodi zitoazo nuru, zile ambazo wauzaji wa vipuri huziita taa za LED. Taa moja ya ishara ya aina hii huweza kutumia wati 1.5 tu. Mbili kwa pamoja ni wati 3, na mkondo wake ni ampea 0.25. Mkondo umepungua kutoka 1.67 hadi 0.25, yaani umebaki kama sehemu moja kati ya saba za ule wa awali. Flasha ya umeme yenye akili ya kupima hudhani kwamba globu zimeungua, nayo hupepesa kwa haraka. Haikuharibika, inatoa taarifa kwa uaminifu, ila taarifa hiyo haihusu tena hali iliyopo. Flasha ya joto hupata shida kubwa zaidi, kwa kuwa joto katika waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukipungua mara 6.7, joto hupungua mara 44 hivi. Utepe hubaki baridi, haupindi, na taa huwaka moja kwa moja bila kumweka.

Kabla ya kutaja dawa, yafaa diodi yenyewe ifahamike, maana anayeifahamu hatanunua taa kwa kutazama umbo peke yake. Globu hutoa mwanga kwa sababu utambi wake wa tangsteni umepata moto wa nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi. Mwanga ni masalio madogo ya joto hilo. Diodi haifuati njia hiyo. Ndani yake mna fuwele ya nusu-kipitishi yenye pande mbili, upande mmoja wenye ziada ya elektroni na wa pili wenye upungufu wake. Umeme ukisukumwa kutoka upande wake chanya, elektroni huvuka mpaka, huanguka katika nafasi zilizo wazi, na nishati inayopotea katika anguko hilo hutoka ikiwa chembe ya nuru. Kimo cha anguko ndicho kiamuacho rangi. Nuru ya rangi ya kaharabu, yaani manjano iliyokolea kuelekea chungwa, ina urefu wa wimbi wa nanomita 590 hivi, na kila chembe yake ina nishati ya elektroni-volti 2.1. Ndiyo maana diodi ya rangi hiyo huanza kuwaka ipatapo takriban volti 2, wakati ile ya buluu, yenye wimbi fupi zaidi, huhitaji karibu volti 3. Mwanafunzi mwenye mita ya umeme aweza kuzipima diodi za rangi mbalimbali na kuziona rangi zikijipanga katika namba.

Historia yake nayo ilifuata mpangilio huo huo wa rangi. Diodi ya kwanza ya nuru nyekundu ionekanayo kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Ya manjano ilifuata mwaka 1972 kwa kazi ya George Craford. Buluu iliwashinda watafiti kwa miaka mingi, na Wajapani watatu walioipata, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Diodi nyingi za nuru nyeupe zilizopo madukani kwa kweli ni za buluu zilizopakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa manjano. Kwa hiyo anayenunua taa ya ishara yenye diodi nyeupe nyuma ya plastiki ya rangi ya kaharabu ananunua hasara, kwani plastiki huizuia buluu yote na kuacha salio hafifu lipite. Diodi ya kaharabu yenyewe hutoa rangi itakiwayo tangu mwanzo.

Sifa nyingine ya diodi ni ya manufaa barabarani. Utambi wa globu huchukua takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kupata moto wa kutosha, na diodi huwaka papo hapo. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa husafiri zaidi ya mita 3 katika muda huo mfupi. Faida hii huonekana zaidi katika taa za breki, lakini hata ishara ya kukata kona husomeka upesi zaidi iwakapo na kuzimika kwa ghafla.

Diodi haina breki ya kuzuia mkondo. Ikishavuka volti zake 2, ongezeko dogo la volteji huongeza mkondo kupita kiasi, nayo huungua. Ndiyo sababu kila mstari wa diodi huwa na rezista yake. Mwalimu anayetafuta swali la zoezi asiende mbali: diodi tatu za kaharabu, kila moja ya volti 2.1, zimeungwa mfululizo katika pikipiki ambayo injini ikinguruma mfumo wake wa kuchaji hutoa volti 14. Mkondo unaofaa ni miliampea 20. Diodi zinachukua volti 6.3, zinabaki 7.7, na 7.7 zikigawanywa kwa 0.02 hutoa omu 385. Dukani hupatikana rezista ya omu 390. Nguvu inayopotea humo ni wati 0.15, hivyo rezista ndogo ya robo wati yatosha. Kosa la kawaida ni kupiga hesabu hiyo kwa volti 12 zilizoandikwa kwenye betri. Volti hizo ni jina tu. Injini ikizunguka, diodi hukutana na 14.

Dawa ya kupepesa ipo ya namna mbili, na mafundi wengi huanza na ile mbaya. Huunga rezista kubwa sambamba na taa mpya ili flasha ya zamani ihisi mkondo iliouzoea. Kwa mfano uliotangulia, kila upande umepungukiwa na ampea 1.42, na rezista ya omu 8.5 huurudisha mkondo huo. Lakini rezista hiyo hula wati 17 kila inapopata umeme, na injini ikinguruma, kwa volti 14, hula wati 23. Hata kama nusu ya muda taa zimezimika, joto lililobaki laweza kuyeyusha plastiki ya waya au kufunika ganda la rezista kwa masizi ya kitambaa kilichofungiwa hapo. Mwenye pikipiki amelipia taa zitumiazo wati 3, kisha akalipia tena kifaa cha kupoteza nyingine 17. Isitoshe, rezista huziba mdomo wa flasha. Diodi zikifa zote, rezista bado inadai mkondo wake, flasha inamweka kama kawaida, na mwendeshaji hana habari kwamba nyuma yake ni giza.

Njia ya pili ni kuibadilisha flasha yenyewe na kuweka ile ihesabuyo muda bila kujali mkondo. Aina iliyo ya kawaida ina ncha tatu: moja hupokea umeme kutoka betri kupitia swichi ya ufunguo na kwa kawaida huandikwa B, moja hupeleka umeme kwenye swichi ya ishara na huandikwa L, na ya tatu, E, huenda kwenye ncha hasi ya betri. Hii ya tatu ndiyo husahauliwa, kwa kuwa flasha ya zamani haikuwa nayo na katika waya za pikipiki hakuna uliotayarishwa kwa ajili yake. Saa iliyo ndani ya flasha mpya inahitaji umeme wake yenyewe ili ihesabu. Isipopata njia ya kuurudisha, haihesabu kitu. Waya mwembamba mmoja kutoka E hadi kwenye betri humaliza tatizo ambalo limewahi kuwapotezea watu siku nzima.

Kanuni za magari zinazotungwa chini ya Umoja wa Mataifa hutaka taa za ishara zimweke mara 90 kwa dakika, zikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa 30. Baadhi ya flasha zina kisu cha kurekebishia mwendo. Wenye saa ya mkononi wahesabu kwa nusu dakika na kuuweka katikati. Ila yafaa isemwe wazi kwamba flasha ya namna hii nayo imeacha ile akili ya kupima. Taa moja ikifa, itaendelea kumweka vile vile. Mwendeshaji anarudishiwa kazi ya kuzikagua taa zake kwa macho yake kila asubuhi, kama anavyokagua upepo wa magurudumu. Tena flasha nyingi mpya ziko kimya, hazina ule mlio wa tik-tak, na kwa kuwa swichi za pikipiki kwa kawaida hazijirudishi zenyewe baada ya kona, ni rahisi mtu kwenda mwendo mrefu akiashiria kona aliyokwisha kuikata. Kengele ndogo iungwayo na taa za ishara huwakera abiria, lakini kazi yake ina maana.

Yabaki tatizo la taa nne kumweka pamoja, ambalo flasha mpya peke yake haiwezi kulitibu. Chanzo chake ni ile taa ndogo ya kijani iliyo mbele ya mwendeshaji kumjulisha kwamba ishara inafanya kazi. Katika pikipiki nyingi iko moja tu kwa pande zote mbili, na watengenezaji waliiunga kwa ujanja wa kupunguza gharama: mguu mmoja kwenye waya wa kulia, mguu wa pili kwenye waya wa kushoto. Kulia kukiwashwa, umeme hupita katika taa ya kijani, huingia upande wa kushoto, na kurudi betri kupitia globu za kushoto. Globu hizo hazikuwaka kwa sababu utambi ulio baridi una ukinzani mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya ule wa utambi wa moto. Globu ya wati 10 ina omu 14.4 ikiwa moto na huwa kama omu moja na nusu ikiwa baridi. Taa ya kijani ya wati 3 ikiwaka ina omu 48. Karibu volti zote hubaki kwenye taa ya kijani, na globu za kushoto hupata chini ya robo ya volti moja. Ziliutumikia mkondo kama daraja tu.

Diodi haziwi daraja la namna hiyo. Mkondo mdogo upitao katika taa ya kijani, ambao haukuweza hata kuutia uvuguvugu utambi wa globu, unatosha kuziwasha. Kulia kukiwashwa, kushoto nako huwaka, pengine kwa nuru hafifu kidogo ambayo mchana mwenyewe haioni na usiku dereva wa nyuma huiona barabara.

Tiba yake ni ya bei ndogo mno. Miguu miwili ya taa ya kijani hufunguliwa. Mguu mmoja huungwa na ncha hasi ya betri. Mguu wa pili hupokea umeme kutoka waya wa kulia kupitia diodi moja ya kawaida isiyotoa nuru, na kutoka waya wa kushoto kupitia diodi nyingine. Ile iuzwayo kwa jina la 1N4007, yenye kuhimili ampea 1, yafaa kabisa. Kila diodi ina mstari uliochorwa kwenye ncha moja, na mistari yote miwili huelekezwa kwenye taa ya kijani. Umeme hupita kuelekea kwenye mstari na haurudi nyuma. Sasa kila upande unaweza kuiwasha taa ya kijani, wala hakuna upande unaoweza kupitia humo ukaufikia mwenzake. Somo la diodi kama mlango wa njia moja, ambalo vitabu hulieleza kwa mishale ubaoni, laweza kuonyeshwa darasani kwa betri, taa nne na diodi hizi mbili, kwanza bila diodi na kisha pamoja nazo.

Katika pikipiki iliyoundwa upya pana adui mwingine, naye ni rangi. Taa za zamani ziliurudisha umeme kupitia chuma cha fremu. Fremu ikikwanguliwa na kupigwa rangi mpya, na taa zikafungwa kwenye vishikio vyenye mpira ili zisitikisike, njia ile hukatika, kwani rangi na mpira havipitishi umeme. Kila taa ipewe waya wake wa kurudia, na waya hizo zikutane mahali pamoja kwenye ncha hasi. Wasijaribu kutegemea boliti. Na kwa kuwa diodi hukubali umeme wa upande mmoja tu, taa isiyowaka kabisa yafaa kwanza igeuziwe waya kabla haijahukumiwa kuwa mbovu.

Viungo vya waya vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe huvumilia kiangazi kimoja. Masika yakija, maji hupenya, shaba huota kutu ya kijani, na ukinzani hupanda. Kulehemu kwa risasi na kuvika kijimpira kinachosinyaa kwa moto huongeza dakika chache za kazi. Pale waya zinapopita kwenye shingo ya usukani ziachiwe ulegevu, maana hapo hupindwa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Na kwa kuwa mzigo sasa ni mdogo, fyuzi ya ampea 3 kwa ajili ya ishara peke yake huilinda njia hii vizuri kuliko kuitegemea fyuzi kuu, ambayo yaweza kuruhusu waya mwembamba uungue kabla haijakatika.

Kuhusu mahali pa kuzifunga, wapambaji hupenda kuzificha taa karibu na kibao cha namba. Kanuni namba 53 ya Umoja wa Mataifa, ihusuyo pikipiki, hudai kwamba taa za ishara za mbele zitengane kwa milimita 240 na za nyuma kwa milimita 180 angalau. Sababu yake si ngumu kuipata. Usiku, kwa mbali, taa mbili zilizokaribiana huonekana kuwa moja, na dereva wa nyuma huona kwamba kitu kinamweka bila kujua kama ni cha kulia au cha kushoto.

Kazi ikiisha, pikipiki ijaribiwe mara mbili: kwanza saa sita mchana kwenye jua kali, mtazamaji akiwa hatua thelathini nyuma, kisha usiku, injini ikinguruma, taa kubwa ikiwaka, breki ikiwa imekanyagwa, na usukani ukigeuzwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ishara ikidhoofu breki inapokanyagwa, kasoro iko katika waya wa kurudia umeme wa nyuma. Ikikatika usukani unapogeuzwa, waya umevunjika shingoni ingawa ganda lake la nje bado ni zima.